Mwacheni DJ Aseme

Mombasa ina wajuzi wa sinema wanaoamini kwamba DJ huharibu filamu. Wakipita kibanda cha video Magongo au Chaani, huko Changamwe, wakasikia DJ Afro akisimulia filamu kwa Kiswahili, sauti yake imepanda juu ya sauti za waigizaji, hukunja pua. Kwao huo ni ushamba. Mpenzi wa kweli wa sinema, wanasema, huitazama filamu kama ilivyotoka kwa mwenyewe, na mfano wao ni zile za Ulaya za kale, zisizo na sauti.

Basi twendeni huko huko Ulaya. Mwaka 1901, juu ya paa la jumba la Uránia mjini Budapest, Wahungaria walipiga filamu yao ya kwanza ya kupangwa, A táncz. Haikupigwa ijitegemee. Ilipigwa isindikize mhadhara wa Gyula Pekár kuhusu ngoma: bwana anaeleza, picha zinafuata. Sinema ya Hungaria, kwa hiyo, ilianza na msemaji. Japani nako walikuwapo benshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia, na watu walilipa kiingilio kwa ajili yao kama walivyolipa kwa ajili ya waigizaji.

Nayo hiyo filamu "kama ilivyotoka kwa mwenyewe" ni ipi? Mwaka 1914 Mihály Kertész, ambaye baadaye Hollywood ilimjua kama Michael Curtiz wa filamu ya Casablanca, alitengeneza A tolonc. Ilipotea kwa miongo mingi, hadi nakala ikaonekana New York mwaka 2008. Ikakarabatiwa, ikatiwa muziki mpya. Anayetia muziki baada ya karibu karne nzima anapigiwa makofi. Anayetia Kiswahili anaitwa mharibifu. Tofauti iko wapi, kama si dharau?

Ni kweli, DJ hutia chumvi, na mara nyingine hubuni mambo ambayo hayamo kabisa. Ni kweli pia kwamba filamu nyingi za vibandani hazikulipiwa haki. Lakini wizi wa nakala ni kesi ya mwenye nakala, haihusiani na ufundi wa kusimulia.

Tena kuna filamu zinazomhitaji DJ. Mhungaria mwingine, Sándor Korda, aliihama nchi yake mwaka 1919 na hatimaye akatamba London kwa jina la Alexander Korda. Mwaka 1935 kampuni yake ilitoa Sanders of the River, filamu inayousifu utawala wa Mwingereza Afrika. Paul Robeson aliigiza humo, kisha akaikana. Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London, alionekana humo katika nafasi ndogo ya chifu. Waafrika walionekana, lakini maana ya maisha yao ilitolewa na wengine. Filamu ya namna hiyo ikija Changamwe bila msimulizi, inatusema sisi nasi tumenyamaza. DJ ndiye anayeijibu.

Enyi wajuzi, acheni kukunja pua. Leteni filamu hizo za kale Changamwe, mumlipe DJ ujira wake, mkae kwenye benchi pamoja na vijana wa Chaani mumsikilize. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiwa anajua majina ya waongozaji wote wa Budapest.