Chupa ya hamira inafaa, ila taa ipunguzwe kwanza

MAJI NA MAJANI
Na Salha Mbarouk

Wanaofuga samaki pamoja na mimea katika tangi la kioo hawaelewani kuhusu chupa ya sukari na hamira inayopelekea mimea hewa ukaa. Wapo wanaoidharau kuwa ni ya asiyeweza kununua mtungi wa gesi na kidhibiti chake, na wapo wanaoiunganisha leo wakitarajia bustani wiki ijayo. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinahangaikia wingi wa gesi, ilhali kinachoamua hali ya tangi ni gesi hiyo kuja bila kupanda na kushuka, na kiasi cha mwanga kinachoandamana nayo.

Gesi yenyewe haina uhaba. Sukari ikichachuka yote, karibu nusu ya uzito wake hutoka kama hewa ukaa na nusu hubaki chupani kama kilevi. Kwa hesabu hiyo gramu 200 za sukari hutoa takriban gramu 100 za gesi, zaidi ya lita 50. Sasa litazame tangi la lita 40. Maji yaliyotulia na hewa ya chumbani huwa na kama nusu miligramu ya hewa ukaa kwa lita. Kuyafikisha kwenye miligramu 20 kunahitaji chini ya gramu moja. Hata kama hamira ya mkate italemewa na kilevi kabla ya kuimaliza sukari, na mara nyingi hulemewa, ziada bado ni kubwa mno. Sehemu kubwa hupotea kwa sababu mapovu makubwa hupanda moja kwa moja na kupasukia juu. Anayeuelekeza mrija kwenye tundu la kuvutia maji la kichujio, ili mapovu yasagwe na kuzungushwa, hupata faida kuliko anayeongeza sukari.

Mmea wa majini una njaa ya gesi hii kwa sababu hewa ukaa husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani, kwa hiyo jani lililozungukwa na maji yaliyotulia huishiwa upesi. Watafiti wa Denmark, Troels Andersen na Ole Pedersen, walionyesha katika utafiti wao juu ya mmea wa Riccia fluitans, uliochapishwa mwaka 2002, kwamba hewa ukaa ikiongezwa mmea hustawi vizuri zaidi hata kwenye mwanga hafifu. Maelezo yao yana mantiki: mmea usiotumia nguvu nyingi kuisaka gesi hubaki na akiba ya kujijengea vifaa vya kunasa mwanga. Hapo ndipo msimamo wangu unaposimama. Anayefunga chupa ya hamira hana sababu ya kununua taa kali. Anayo sababu ya kupunguza aliyonayo. Taa kali huifanya mimea idai gesi ambayo chupa itashindwa kuitoa ikishaanza kuchoka, labda baada ya wiki mbili au tatu. Siku hiyo mimea hudumaa, mwanga unabaki uleule, na mwani unapata nafasi.

Wapinzani watasema kuchoka huko ndiko kasoro yenyewe. Ni kweli, na dawa yake ni chupa mbili zinazopishana: moja ikibadilishwa, nyingine iko katikati ya nguvu zake. Pingamizi zito zaidi ni la usiku. Mtungi wenye vali ya umeme huzimika pamoja na taa, lakini hamira hailali, na gizani mimea huacha kutumia hewa ukaa na kuanza kutumia oksijeni ileile ya samaki. Samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri wanalalamika kwa haki. Washa pampu ya hewa usiku, iwe ada, wala usingoje dalili. Kile kikombe kidogo cha kioo chenye kimiminika cha kupimia, kinachotundikwa ndani ya tangi, kitakuambia mengine: bluu ni upungufu, kijani ni sawa, njano ni hatari. Kimiminika hicho huchelewa kwa saa moja au mbili, hivyo njano ya sasa ni habari ya muda uliopita.

Usibane kamwe mrija wa chupa inayochachuka, wala usitumie chupa ya gilasi. Ya soda ya plastiki imetengenezwa kuhimili shinikizo. Weka chupa ndogo ya pili katikati ili povu la hamira lisifike kwenye tangi, na vali ya kuzuia maji kurudi.

Wapo pia wanaouliza kwa nini kuhangaika, ilhali Anubias ya mito ya Afrika Magharibi na ya Kati inaishi bila gesi ya ziada. Kwa tangi la Anubias nawaunga mkono, usihangaike. Na anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika asiiguse kabisa chupa hii: maji yao yana pH inayokaribia 9, na hewa ukaa huishusha. Hata Vallisneria inayoota ziwani humo hujipatia kaboni kutoka bikabonati iliyoyeyuka majini. Chupa ni ya tangi dogo lenye mimea inayokua haraka na taa ya wastani. Likizidi lita 100, chupa zitakazohitajika na kazi ya kuzibadilisha vitakushinda, na hapo mtungi unastahili bei yake.