Fedha Iliyoachwa Ina Mwenyewe

Wanachama wenzangu,

Msimu uliopita nilikaa siku tatu kwenye meza ya chama chetu, pale tunapolipia ada na magunia. Kila jioni tulipoifuta meza tulikuta sarafu za shilingi mia na mia mbili. Mtu ana haraka, wingu limetanda na karafuu zake ziko juu ya majamvi, hangoji chenji. Siku ya tatu mmoja wetu aliuliza, "Hizi tuzifanyeje?" Mwengine akajibu, "Nunueni chai." Tukacheka, na chai ikanunuliwa, nami nilikunywa.

Tangu siku hiyo moyo wangu haukutulia. Na hivi karibuni nimeijua habari ya Marekani iliyonifanya nishike kalamu.

Huko, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, serikali iliunda idara ya kukagua wasafiri katika viwanja vya ndege. Msafiri hutakiwa atoe mfukoni kila kitu cha chuma na kukitia katika sinia. Akishapita hukamata mkoba, hukimbilia ndege, na sarafu zake husahauliwa siniani. Kwa mtu mmoja ni kitu kidogo. Lakini katika mwaka wa hesabu wa 2012 zilipatikana zaidi ya dola 531,000, na katika ule wa 2019 zikafika zaidi ya dola 926,000. Wasafiri waliokaguliwa mwaka huo walipindukia milioni 800. Ukigawa, kila mmoja hakuacha hata robo ya senti. Ama kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Fedha hiyo huenda wapi? Sheria iliyotiwa saini mwaka 2004 iliiruhusu idara ile ile inayokagua iizuie na kuitumia kwa kazi za usalama wa safari za ndege, na kila mwaka ipeleke taarifa bungeni. Mbunge mmoja wa Florida, Bwana Jeff Miller, hakuridhika. Alileta mswada kuwa fedha hiyo wapewe jumuiya zisizo za faida zenye vyumba vya mapumziko viwanjani kwa wanajeshi na jamaa zao. Jumuiya inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni USO, iliyoundwa mwaka 1941. Askari kijana anayetoka kambini kwenda kwao, au anayepelekwa ng'ambo, huenda akangoja ndege ya pili kwa saa nyingi; katika vyumba hivyo hupata kiti kizuri, chakula na mtu wa kumkaribisha. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada huo Desemba 2013, lakini haukupata kuwa sheria.

Mimi naona Bwana Miller alikuwa na haki. Si kwa sababu askari ni bora kuliko wasafiri wengine, bali kwa sababu anayekuamrisha umwage mfuko wako hafai kuwa ndiye anayefaidi unachokisahau. Hata akiwa mwaminifu, hana sababu ya kukuita urudi. Tena idara yenye bajeti ya mabilioni ya dola haitaona tofauti kwa sarafu hizo. Chumba cha mapumziko kitaona.

Wako watakaosema kuwa si kila msafiri angependa fedha yake iende kwa askari. Neno hilo lina uzito. Sisi tumefunzwa tangu chuoni kuwa kitu cha kuokota hutangazwa mwaka mzima, na mwenyewe akitokea hupewa chake. Basi haki ya kwanza ni ya mwenyewe. Asipopatikana, fedha iende kwenye jambo la kheri lililotangazwa mapema, ili kila apitaye ajue. Na katika hili tuisifu ile idara ya Marekani: imehesabu mpaka senti, na imetoa hesabu hadharani. Sisi, kwa zile sarafu za mezani, hatukuandika hata mstari mmoja.

Kwa hivyo naleta shauri mbele ya mkutano wetu mkuu. Kwanza, liwekwe daftari na kisanduku chenye kufuli, na kila kinachobaki mezani kiandikwe siku hiyo hiyo. Pili, hesabu yake isomwe kila mkutano, na mwenye chake aje akichukue. Tatu, baada ya mwaka, kinachobaki wasaidiwe wachumaji walioanguka mikarafuuni. Hao ndio askari wetu: hupanda sisi tukiwa chini, na mguu ukivunjika msimu kwao umekwisha.

Fedha yenyewe haitakuwa nyingi. Pengine itatosha nauli ya hospitali kwa mtu mmoja au wawili. Lakini itakuwa imekwenda mahali panapojulikana, wala haitakuwa imenywewa chai. Bei ya vikombe vyangu vya siku ile nitakitilia kisanduku mimi mwenyewe, kiwe ndicho cha kwanza kuandikwa daftarini.

Mwanachama