Tulipe na Kile Kisichoonekana



Wapendwa, mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kila mwaka twaiadhimisha, kisha twamwendea seremala na kumshurutisha amalize kabati kwa siku mbili, tena kwa bei ya kutupa. Je, hiyo ni haki?

Kabati bora halitengenezwi hivyo. Mbao za mninga sharti zikauke kwanza. Hata zikikauka, hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, hasa kwa upana. Kwa hiyo fundi stadi huchomeka ubao wa mlango katika mfereji wa fremu bila gundi, upate nafasi ya kucheza usipasuke. Fremu yenyewe huiunga kwa ulimi na tundu, si kwa misumari. Ujuzi huo huchukua miaka, na kabati likikamilika hauonekani.

Basi wazazi, kijana anayeomba kuendelezwa katika useremala msimhesabu kuwa ameshindwa masomo. Nasi wanunuzi, tukianzia na kabati za sakristia zetu, tumlipe fundi hata kwa kile kisichoonekana. Mungu hukiona.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.