Gitaa Moja, Mikono Mingi



Wapendwa waamini, juma hili tunapenda tutafakari pamoja jambo lililozungumzwa sana katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, na hata katika kikao cha Halmashauri ya Walei: habari ya wapiga magitaa wanaokutana ukumbini kila Jumamosi alasiri. Huja na magitaa yao, ya solo, ya rizimu na ya besi. Asiye na gitaa huja na waya, au na amplifaya ya kuazima, au na mikono mitupu. Hupiga pamoja, hufundishana, hupokezana vyombo, kisha huenda zao. Baadhi ya waamini wanauliza kama ukumbi uliojengwa kwa michango ya Wakristo unafaa kwa shughuli hiyo, na wapo wanaotaka mlango ufungwe. Sisi tunaona mlango ubaki wazi.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba gitaa ni chombo cha baa. Tukumbuke kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ibara ya 120, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee, lakini haukuvifungia nje vyombo vingine. Uliviruhusu kwa idhini ya mamlaka husika ya Kanisa, mradi vifae kwa matumizi matakatifu, vilingane na hadhi ya hekalu, na viwajenge kweli waamini. Basi kinachopimwa ni matumizi. Hatusemi kwamba kila kinachopigwa Jumamosi kiingie Misani Jumapili. Ukumbi ni ukumbi, na altare ni altare. Anayetaka kuhudumu katika liturujia atajifunza na kwaya na kumtii mwalimu wa kwaya kama wengine wote.

Lakini tutazame wanachojifunza pale. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, na sauti yake iko oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Wengi wetu hatutambui kazi ya mpiga besi mpaka anyamaze. Hapo ndipo wimbo huonekana kama nyumba iliyoondolewa msingi. Mpiga rizimu naye hurudia mapigo yaleyale kwa subira ili mpiga solo apate njia ya kupita. Wote wakitaka kupiga solo, hakuna wimbo, kuna kelele. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwakumbusha kuwa mwili una viungo vingi, na tena kwamba chombo kisichotofautisha sauti zake hakieleweki kinapiga nini. Kijana aliyezoea kupunguza sauti ya amplifaya yake ili mwenzake asikike amejifunza jambo ambalo sisi mapadre tunalihubiri mwaka mzima.

Kisha kuna suala la kushirikishana vyombo. Wazee wetu wanakumbuka kwamba nyingi kati ya bendi kubwa za dansi nchini mwetu zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na Polisi nao walikuwa na bendi zao. Utaratibu huo uliwawezesha watu wasio na fedha kuwa wapigaji hodari. Lakini ulikuwa na upande wa pili: chombo kilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama aliacha gitaa nyuma. Vijana wa Jumamosi wanatenda tofauti kidogo. Mwenye chombo anampa asiye nacho, bila mshahara na bila mkataba. Kwa kijana wa kibarua, gitaa la umeme, amplifaya, waya na nyuzi za akiba ni fedha asiyoweza kuitoa kwa mkupuo. Asipoazimwa, hatapiga kamwe. Tunaposoma katika Matendo ya Mitume kwamba waamini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, tunasema amina. Tunapokiona kitu hicho ukumbini, mbona tunatafuta ufunguo?

Hata hivyo, wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Urafiki mwingi umevunjika kwa kitu cha kuazima. Kwa hiyo tunawaomba vijana wawe na daftari la vyombo: nani ameleta nini, nani amechukua nini, kimerudi katika hali gani. Aliyekata uzi aseme. Besi isichomekwe kwenye amplifaya ndogo ya gitaa na kufunguliwa sauti yote, kwani spika inaweza kupasuka. Wanaolalamikia kelele wana haki yao pia. Jirani mgonjwa ni jirani. Muziki ukome saa kumi na mbili jioni, na madirisha ya upande wa nyumba za watu yafungwe.

Tuna neno jingine kwa vijana wenyewe. Tumesikia kwamba mabinti wanaofika hupewa kipaza sauti, na magitaa hubaki mikononi mwa wavulana. Vidole havina jinsia. Kama chombo ni cha kushirikishana, kizunguke kwa wote.

Mwisho, tunapeleka pendekezo kwa Halmashauri ya Walei. Parokia ina gitaa lake la besi, ambalo hukaa kabatini tangu Jumapili hadi Jumapili. Tunaomba litolewe kila Jumamosi, liandikwe katika daftari, na lirudishwe jioni. Tunajua laweza kukwaruzwa. Lakini yule mtumishi wa Injili aliyeificha talanta yake ardhini aliirudisha ikiwa nzima, wala hakupungukiwa hata senti, na bwana wake hakumsifu. Tukifunga ukumbi, vyombo vyetu vitabaki salama na vijana wetu watatafuta mahali pengine pa kupigia. Mahali hapo tunapajua, na hatutakuwapo.

Mungu awabariki nyote, na tuonane Jumapili.

Paroko wenu