Binti Daktari Anataka Kurudi Darasani



Mama mmoja wa Igogo ameniletea barua ya kurasa mbili, imeandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino. Mumewe huuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Binti yao mkubwa amehitimu udaktari: miaka mitano chuoni na mmoja wa utarajali. Nyumba nzima ilikwisha kuuhesabu mshahara wake wa kwanza kabla haujaingia. Ada za wadogo zake wawili zimo, na paa la chumba cha nyuma limo.

Sasa binti anasema hataki kuishia wodini. Anataka kusonga hadi shahada ya uzamivu, awe daktari na mtafiti kwa pamoja. Wazo amelipata kwa binamu yake aliyeko Marekani, ambaye anasomea vyote viwili katika mpango mmoja, kwenye udaktari unaoitwa osteopathia. Baba amesema PhD ni ya watu waliokwisha kushiba. Mama ananiuliza kama binti ameitikia wito au amekimbia majukumu.

Mama mwenzangu, tuanze na huyo binamu, maana jina la fani yake limewachanganya wengi. Osteopathia iliasisiwa na Mmarekani Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo chake katika mji wa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Alishikilia kwamba mifupa, misuli na maungio hubeba habari za afya ya mwili mzima, na kwamba mikono ya tabibu ni chombo cha tiba. Wazee wetu wanaounga mifupa wangemsikiliza kwa hamu. Lakini huko Marekani fani hiyo imekua. Mwenye shahada yake leo ni daktari kamili, anayeandika dawa na kupasua kama mwenzake yeyote. Uingereza mambo ni mengine: osteopathi anatambuliwa kwa sheria ya mwaka 1993, ila si daktari wa tiba. Kwa hiyo mzazi akiambiwa mwanawe amepata nafasi ya kusomea osteopathia ng'ambo, aulize kwanza ni nchi gani, kisha apeleke swali Baraza la Madaktari Tanganyika na Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya kuuza kiwanja.

Mpango wa binamu, wa kuunganisha udaktari na uzamivu, kwa kawaida huchukua miaka saba au minane. Mwanafunzi husoma miaka miwili ya awali ya udaktari, hutoka akafanya utafiti miaka mitatu au minne, kisha hurudi kumalizia hospitalini. Wengi husamehewa ada katika sehemu ya utafiti na kupewa posho. Hata hivyo, fedha za serikali yao kwa njia hiyo huwaendea zaidi raia na wakazi wa kudumu. Binti yako asiipime safari yake kwa kipimo cha binamu.

Lakini je, kuna haja yoyote ya daktari kuwa mtafiti? Hapa ndipo ninapotofautiana na baba.

Tazama watoto wanaooga ziwani. Kichocho tunakijua, konokono wake wamo majini humohumo tunamochota. Dawa yake, praziquantel, hugawiwa mashuleni. Sasa mtoto wa miaka mitatu anayekaa majini na mama yake anayefua, yeye yuko shule gani? Kidonge kilikuwa kikubwa na kichungu, na wadogo wale wakaachwa nje ya kampeni miaka mingi. Ilibidi watu waketi na swali hilo, wabuni kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, wakijaribu kwa watoto wa Kenya na Ivory Coast, ndipo mwezi Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kukikubali kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Tabibu wa zamu, hata awe hodari vipi, hawezi kulimaliza jambo hilo akiwa kwenye foleni ya wagonjwa.

Na Mwanza yetu si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1995 dunia ilisoma matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani humu. Jamii 12 ziligawanywa: sita ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya, sita zikangoja. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU katika zile za kwanza yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Wenzetu wa Rakai, Uganda, walijaribu njia nyingine, kuwapa watu wote dawa kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba haikupunguza maambukizi. Majibu mawili tofauti katika ukanda wa ziwa moja! Kuyapatanisha kulihitaji watu wanaomjua mgonjwa na wanaojua hesabu.

Wala tusidhani desturi hii ni ya wageni. Al-Razi, aliyeongoza hospitali ya Baghdad yapata miaka 1,100 iliyopita, aliandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa na kuwaacha wengine kwa makusudi, apate kujua kama tiba ile inafaa.

Basi nisemeje kuhusu mshahara? Baba ana haki ya kuuliza, na binti asimwone mkandamizaji. Wadogo zake wanasubiri ada, na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi. Rai yangu ni kwamba afanye kazi wodini kwanza, walau miaka miwili. Atawasaidia wazazi, na pia atapata swali lake kwa mgonjwa mwenyewe. Anayeanza uzamivu bila swali huazima la msimamizi wake, akalibeba miaka minne kama mzigo wa mtu.

Tena hana haja ya kuhama. Chuo Kikuu kilichopo Bugando hufundisha ubingwa na uzamivu pia, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ina kituo chake papa hapa Mwanza. Miradi ya utafiti huajiri madaktari na kuwalipa, ila mikataba huisha mradi unapoisha. Hilo alijue mapema, na nyumba nzima ilijue.

Umetaja pia posa. Kijana anauliza binti "atamaliza lini." Swali hilo lijibiwe kabla ya akdi, wazazi wa pande zote mbili wakiwepo, kwa miaka na kwa shilingi. Akisema atavumilia, aulizwe atavumilia nini hasa: zamu za usiku, safari za vijijini, au mke anayesoma mtoto akiwa mgongoni?

Barua yako, mama mwenzangu, imenieleza la baba, la binamu na la mchumba. Haikunieleza binti anataka kutafiti ugonjwa gani. Muulize leo usiku, kisha uniandikie.