MIHOGO YETU HAIKULOGWA



Tangu juma tatu tunakula bugali ya mahindi ya kununua, na kila mtu anauliza mihogo ya shamba la shule ilienda wapi. Ilioza. Tulipong'oa tulikuta mizizi imekuwa myeusi, laini, yenye kunuka. Majani yalikuwa yamenyauka mbele, lakini hakuna aliyejali.

Sasa iko maneno katika vyumba vya kulala: «Ule mama mjane njo alituloga.» Eti walimwona jioni akichoma dawa katika shamba lake, pale juu ya letu. Juzi usiku wengine walitupa mawe juu ya bati la nyumba yake. Sisi tunaoandika hapa tuliyasikia mawe yale, na hatukutoka kitandani.

Ugonjwa huu ni wa ukungu unaokaa ndani ya udongo. Muhogo unavumilia jua kuliko mimea mingi, lakini hauwezi kusimama ndani ya maji. Maji yakituama, mizizi inakosa hewa, na ukungu unaingia. Uko ukungu mwingine unaoitwa Armilaria: unaishi katika visiki na mizizi ya miti iliyokatwa, kisha unapita chini kwa chini mpaka kwenye muhogo. Bandua ganda la shina karibu na udongo. Ukiona kitu cheupe kama kitambaa, chenye harufu ya uyoga, ni yeye. Tulimwona.

Na nani alichagua lile bonde? Ni sisi wa mwaka wa sita, sababu udongo wake ni laini na jembe haliumizi mikono. Visiki tuliviacha. Matuta hatukufanya. Miti ya kupanda tulikata popote, hata kwenye mashina yenye kunyauka. Mama yule analima kwenye mtelemko, juu ya matuta, na shina likigonjwa analing'oa na kulichoma. Njo ule moto wenu!

Dawa ya kunyunyiza haitafika kule chini, na pesa hatuna. Tunaomba Bwana Prefe atupe kipande cha mtelemko. Bonde lichimbwe mifereji, lipandwe mahindi kwanza. Mwalimu wa biologia aandikie INERA ya Mulungu kuuliza namna ya kupata miti mizima.

Jumamosi saa mbili kila mtu aje na jembe, visiki vingali vinatungoja. Lakini saa moja sisi wa mwaka wa sita tutapita kwanza kwa mama, kuomba radhi na kutazama bati lake. Waliotupa mawe wanajijua, waje pamoja nasi.