Mishipa hailindwi kwa kopo la vitamini

Mwandishi aliyewashauri wagonjwa wa kisukari wa Nakuru wanunue vidonge vya vitamini C na E "kusafisha mishipa" ameanza na ukweli, akaishia pabaya. Ni kweli, sukari ikizidi kwenye damu huzalisha kemikali zinazojeruhi kuta za mishipa, na vitamini hizo huzizima ndani ya chupa ya maabara. Lakini mwili si chupa.

Uingereza ilijaribu jambo hilo kwa watu 20,536, wakiwemo wenye kisukari karibu 6,000. Kwa miaka mitano, nusu yao walimeza vitamini E, C na beta-karotini kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Katika utafiti huohuo, simvastatini, dawa ya kolesteroli, ilivipunguza kwa takriban robo.

Mkulima wa Njoro au Subukia mwenye managu na sukuma wiki shambani tayari ana vitamini. Pesa za kopo zilipie dawa za sukari na presha, na vipimo vya macho, figo na miguu. Anayetaka kujua hali ya mishipa yake asimuulize muuza vidonge. Aende kliniki akapimwe.